Puli ya AC Inayolia: Ubadili Beringi, Klachi Nzima, Kampresa ya Mtumba, au Ufunge Mkanda Mfupi?

Puli ya kampresa ya AC haina mapumziko. Injini ikiwaka, mkanda unaizungusha, AC iwe imewashwa au imezimwa. Kwa hiyo ule ushauri wa barabarani wa "zima AC, endelea tu mpaka mwisho wa mwezi" hauisaidii beringi hata kidogo. Ukizima AC kinachosimama ni kampresa ndani: sahani ya klachi (bamba la chuma mbele ya puli, linalovutwa na koili, yaani sumaku ya umeme iliyo nyuma ya puli) inaachana na puli, nayo puli inaendelea kuzunguka na kujisaga.

Na ikisagika hadi kukwama, ubaya wake unategemea mkanda umepitia wapi. Kwenye Toyota Wish, Premio au Spacio yenye injini ya 1ZZ-FE, mkanda mmoja unazungusha alteneta, pampu ya maji, pampu ya usukani na AC. Puli ya AC ikikwama, mkanda unaungua au kukatika; taa ya betri inawaka, usukani unakuwa mzito, na dakika chache baadaye injini inachemka. Kwenye Subaru Forester za zamani zenye injini ya EJ, AC ina mkanda wake peke yake na pampu ya maji inaendeshwa na mkanda wa taimingi. Mwenye Subaru hiyo anaweza kuukata mkanda wa AC pale Karuma na kufika Kampala bila wasiwasi. Jua kwanza gari lako liko kundi gani kabla hujaamua kungoja au kutengeneza.

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 15, lakini hata linaloruhusiwa linaweza kuja na beringi ya kiwandani iliyokwisha fanya kazi miaka kumi na zaidi. Kisha inakutana na vumbi la murram na mashine za presha za washing bay, zinazosukuma maji ndani ya sili za beringi na kuiharibu grisi.

Hakikisha kwanza ni puli

Beringi iliyokufa hukwaruza au kuunguruma, na sauti hupanda pamoja na mizunguko ya injini. Mlio mwembamba wa asubuhi unaopotea baada ya dakika moja ni wa mkanda kuteleza. Nyunyizia maji kidogo kwenye mbavu za mkanda, mikono na nguo zikiwa mbali: mlio ukibadilika papo hapo, tatizo ni mkanda au mkazo wake.

Baada ya hapo washa na uzime AC mara kadhaa gari likiwa limesimama. Kelele ikiwepo muda wote na kubadilika kidogo tu AC inapoingia, shuku beringi ya puli. Ikiwepo AC imezimwa na kupotea ikiwashwa, mara nyingi ni sahani ya klachi inayogusa puli, au mpira wake umelegea. Ikisikika AC ikiwaka tu, kampresa ndani ina shida au klachi inateleza, na hapo beringi mpya haitakuletea ukimya.

Kipimo cha mwisho ndicho cha kuaminika. Zima injini, iache ipoe, toa mkanda, uzungushe kila puli kwa mkono: ya alteneta, ya pampu ya maji, ya usukani, ya kukazia mkanda na ya AC. Beringi nzima huzunguka kimya na kusimama upesi kwa sababu grisi inaishika. Iliyokauka huzunguka bure kama gurudumu la baiskeli, na iliyochakaa utaihisi kwenye vidole ikisaga mchanga. Shika puli juu na chini uitikise, isicheze. Wengi wameshafungua kampresa bure huku mkosaji ni ile puli ndogo ya kukazia mkanda, ambayo mara nyingi hubeba beringi ya kawaida kama 6203 inayouzwa kila duka la spea. Ukitaka kuwasha injini bila mkanda ili usikilize, isizidi sekunde 30, maana kwenye magari mengi pampu ya maji itakuwa imesimama.

Njia nne kwa mtazamo mmoja

| Njia | Gesi inafunguliwa? | Nyumbani? | Gharama | Inafaa lini |
|---|---|---|---|---|
| Beringi peke yake | Hapana | Ndiyo, ukipata presi au jiliwa | Ndogo kabisa | Kelele imeanza tu, koili na shingo ya kampresa (pale beringi inapokaa) ni nzima |
| Klachi nzima | Hapana | Ndiyo, bila presi | Ya kati | Koili imeungua au puli imechimbika |
| Kampresa ya mtumba | Ndiyo | Hapana | Kubwa, pamoja na gesi | Sili ya shafti inavuja, kampresa inagonga |
| Mkanda mfupi | Hapana | Ndiyo, kama njia ya mkanda inaruhusu | Bei ya mkanda | Dharura, au AC imeshakufa |

Kampresa mpya ya dukani hatukuiweka. Kwa gari lenye umri huo bei yake haielekei, isipokuwa kwa anayelipiwa na kampuni.

Beringi peke yake

Hii ndiyo kazi tunayoipendelea, kwa sharti moja: uiwahi. Beringi ikiendelea kucheza, puli inayumba na kusugua koili iliyo nyuma yake, joto linapanda, na kazi ya beringi moja inageuka kazi ya klachi nzima. Harufu ya kuungua karibu na puli ni dalili kwamba umeshachelewa.

Vifaa: soketi za 10, 12 na 14, plaisi za kufungulia nje za seklipu (ringi ya chuma inayozuia puli isitoke), jeki na stendi, malitimita, geji ya mwanya (ile yenye majani membamba ya chuma), na presi. Usipokuwa na presi, jiliwa imara na soketi kubwa mbili zitatosha; ukishindwa, peleka puli peke yake karakana yoyote ya Katwe au ya mjini kwako, wakusukumie. Gari libaki nyumbani.

Toa waya hasi wa betri. Kwenye Toyota nyingi zenye injini iliyolala kwa upana wa gari, puli ziko upande wa kulia, upande wa dereva. Inua gari, weka stendi, toa gurudumu na plastiki ya matope. Piga picha njia ya mkanda kabla ya kuulegeza. Subaru za EJ ni rahisi zaidi, kampresa iko juu mbele yako.

Zuia sahani ya klachi isizunguke, ufungue boliti ya katikati. Kwenye kampresa nyingi za Denso ni boliti ndogo ya spana 10. Sahani ikigoma kutoka usiichokonoe kwa bisibisi ukingoni, itapinda. Tazama ndani ya tundu la katikati. Sahani nyingi zina nyuzi zake, na boliti kubwa kidogo ikifungwa humo hujisukuma dhidi ya shafti na kuivuta sahani nje. Nyuma ya sahani kuna shimu, washa nyembamba kama karatasi. Zihesabu na uziweke mfukoni. Zikipotea kwenye nyasi, mwanya wako utakuwa wa kubahatisha.

Fungua seklipu, puli itatoka kwa mkono au kwa puller ndogo. Usikamate kwenye mbavu za mkanda.

Sasa simama uangalie vitu vitatu, maana hapa ndipo unapoamua kama utaendelea na njia hii. Koili: ipime kwa malitimita, nyingi za volti 12 husoma kati ya omu 3 na 5. Ikisoma bila mwisho imekatika, ikisoma karibu na sifuri imeungana ndani. Shingo ya kampresa, pale beringi inapokaa: iwe laini, bila mtaro. Beringi iliyokwama huzungusha ringi yake ya ndani juu ya shingo na kuila, na beringi mpya itakaa hapo ikicheza. Tatu, sili ya shafti: ukikuta mafuta yenye vumbi yameganda kuzunguka shafti, gesi inavuja hapo, na kubadili beringi ni kupaka rangi nyumba inayoanguka.

Vyote vikiwa salama, toa beringi. Puli nyingine huifunga kwa seklipu, nyingine kwa kupondwa ukingoni kwa panchi. Hizo alama za panchi zisafishe kwa tupa kwanza, la sivyo beringi itakwaruza tundu ikitoka. Kalisha puli juu ya bomba pana kuliko beringi, uisukume beringi itoke.

Usinunue beringi kwa jina la gari. Nenda na ile ya zamani, au soma namba iliyochorwa kwenye ringi, au pima kwa kalipa: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Milimita 35×50×20, 35×52×20, 35×55×20 na 40×62×24 ni za kawaida, na tofauti ya milimita mbili haionekani kwa macho. Lazima iwe ya safu mbili za gololi. Muuzaji akikuambia beringi mbili za kawaida zikipangwa pamoja ni sawa, muache. Mkanda unavuta puli upande mmoja na klachi inaivuta upande mwingine, na zile za safu moja hazivumilii hali hiyo. Kisekka, soko la spea la Kampala, utapata NSK, NTN, Koyo na Nachi, za kweli na za bandia, kwenye kaunta ileile. Ya kweli ina maandishi yaliyochorwa safi kwenye chuma chenyewe, na ukiizungusha inakuwa nzito kidogo, haina mlio wala mchezo. Maandishi ya wino yanayofutika kwa kidole ni sababu tosha ya kuondoka.

Weka beringi mpya kwenye friza kwa muda wa saa mbili, na puli kwenye maji yaliyochemka dakika chache, uifute ikauke kabisa. Sukuma kwenye ringi ya nje tu. Ukisukuma ringi ya ndani, nguvu inapitia kwenye gololi na kuziachia alama, na beringi itaanza kulia ndani ya wiki chache. Fundi atalaumu spea. Kosa hili na kupiga kwa nyundo ndiyo sababu kubwa ya kazi hii kurudi. Kama beringi ilikuwa imepondewa, ponda tena sehemu tatu au nne mahali papya.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, ila mambo mawili yanahitaji umakini. Seklipu yenye upande uliochongwa mteremko, mteremko huo uelekee nje. Boliti ya sahani ni ndogo, kwa kawaida inatosha Nm 13 hadi 18. Mkono mmoja kwenye spana fupi, usitumie bomba kurefusha.

Mwanya wa klachi

Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika, iwe ulibadili beringi au klachi nzima. Ingiza geji kati ya sahani na puli, sehemu tatu. Kwa kampresa za Denso mwanya ni takriban mm 0.35 hadi 0.65, kama una kitabu cha gari lako, fuata kitabu. Mwanya ukiwa mdogo, sahani inagusa AC ikiwa imezimwa, inalia na kuungua. Ukiwa mkubwa, asubuhi AC itafanya kazi vizuri kabisa, kisha saa nane mchana kwenye jam ya Jinja Road itaacha kupuliza baridi, na jioni irudi. Sababu ni kwamba koili ikipata joto sumaku yake inapungua nguvu, haiwezi tena kuivuta sahani iliyo mbali. Watu huongezewa gesi kwa tatizo hili, na gesi haihusiki. Ondoa shimu moja nyembamba, pima tena.

Ukimaliza, washa na uzime AC mara kumi, upime mwanya upya. Sahani hujikalia sawasawa baada ya kugonga mara chache.

Klachi nzima

Puli, koili na sahani vinakuja pamoja, beringi ikiwa ndani tayari. Huhitaji presi, na mtu mwenye spana na plaisi za seklipu anamaliza asubuhi moja. Ukipima saa ya kazi pamoja na usumbufu wa kutafuta presi, tofauti ya bei kati yake na beringi inapungua. Kwa anayefanya kwa mara ya kwanza tungesema achague hii, akiwa na fedha.

Linganisha kabla ya kulipa: idadi ya mbavu za mkanda, kipenyo cha puli, umbo la plagi ya umeme, na kile kijisumari cha nyuma ya koili kinachoingia kwenye tundu la kampresa ili koili isizunguke. Puli yenye kipenyo tofauti itaingia bila ubishi, kisha mkanda hautafika, au kampresa itazunguka kwa kasi isiyo yake.

Kuna njia ya katikati inayotumika sana Kisekka: unamwomba muuzaji avue klachi kutoka kampresa ya mtumba iliyokufa ndani. Bei inashuka, na sehemu zote tatu zimezoeana. Ila beringi yake nayo ni ya zamani. Badilisha beringi hiyo kabla hujaifunga kwenye gari, la sivyo umenunua kelele ya mtu mwingine.

Kampresa ya mtumba

Hii si kazi ya nyumbani. Gesi ya R134a iko kwenye shinikizo. Ikikupiga jichoni au mkononi inagandisha nyama. Tena ni kati ya gesi zinazopunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016, kwa hiyo fundi anayelegeza bomba ili "itoke tu hewani" hafai kushika gari lako.

Kazi kamili ni hii: gesi itolewe kwa mashine, kampresa ibadilishwe, mipira ya maungio na draya (kichujio kinachonyonya unyevu) ziwe mpya, mafuta ya aina na kiasi sahihi, mfumo unyonywe hewa kwa angalau nusu saa, kisha gesi iingizwe kwa kupimwa gramu kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema "sasa ni baridi" anabahatisha.

Dukani, zungusha shafti kwa mkono, si puli. Iwe na uzito ulio sawa mzunguko mzima. Matundu yawe na vifuniko. Iliyokaa wazi juu ya meza imeshakunywa unyevu na vumbi. Mimina tone la mafuta kwenye karatasi nyeupe: yakiwa meusi au yakimetameta chembe za chuma, iache hapo. Chembe hizo zitasafiri hadi kwenye kondensa (rejeta ya AC), na bili yako itaongezeka mara mbili.

Kwa kelele ya puli peke yake njia hii ni kupoteza fedha. Fundi akiipendekeza kabla hajatoa mkanda na kuzungusha puli kwa mkono, tafuta mwingine.

Mkanda mfupi

Unairuka puli ya AC kwa kufunga mkanda mfupi. Zungusha kamba kwenye puli zilizobaki ukifuata njia mpya, pima urefu, kisha utafute mkanda wa karibu. Namba inasomeka hivi: 6PK2100 ni mbavu 6 na urefu wa mm 2100. Hakikisha mkanda hausugui chuma popote, na kwamba bado unaishika puli ya pampu ya maji sehemu kubwa ya mzingo wake. Ukiigusa kidogo tu utateleza na injini itachemka mlimani. Injini nyingine haziruhusu kabisa, kwa sababu puli ya AC ndiyo inayopindisha mkanda kwenda kwa nyingine.

Mtu wa Kabale afikiri mara mbili. AC ndiyo inayokausha ukungu wa kioo cha mbele mvua ikinyesha na baridi ikiwa kali. Bila AC utaendesha ukifuta kioo kwa kitambaa kwenye kona. Wa Arua au Moroto atalia joto, lakini ataona njia.

Magari ambayo hesabu hii haiwahusu

Kampresa nyingine mpya, hasa za magari ya Ulaya na baadhi ya Toyota, hazina klachi ya sumaku. Shafti inazunguka muda wote, na sahani ya mbele imetengenezwa ivunjike kampresa ikikwama, ili mkanda upone. Beringi ya puli bado inabadilishwa, lakini hakuna mwanya wa kupima, na jinsi ya kuvua sahani ni tofauti kwa kila aina. Tafuta maelekezo ya kampresa hiyo hasa.

Prius kuanzia toleo la 2003 ina kampresa ya umeme isiyo na mkanda kabisa. Ukisikia kelele huko si ya puli ya AC, na nyaya za rangi ya chungwa zina volti za kuua. Usizifungue.

Kwa hiyo, gari lako

Kelele ya wiki hii, AC bado baridi: beringi. Kelele ya miezi, harufu ya kuungua, au AC imeacha kuingia: vua puli, pima koili, na tarajia klachi nzima. Mafuta kwenye shafti: usitumie shilingi kwenye puli, okoa fedha za kampresa, na kama injini inaruhusu funga mkanda mfupi wakati unakusanya. Kunyunyizia mafuta ya kopo kwenye beringi hunyamazisha kwa siku moja na kuosha grisi iliyobaki, na yakigusa mkanda utaanza kuteleza.

Baada ya wiki mbili kagua mkazo wa mkanda tena, hasa kwenye injini ya 1NZ-FE na nyingine zisizo na kikazio cha kujiendesha. Na ukienda washing bay mwambie kijana wa pampu asielekeze presha kwenye puli, hata kama injini ina matope.